Mzigo wa Msafiri na Mchukuzi Wake

 

Alitujia kijana mmoja wa hapa Bagamoyo baada ya sala ya alasiri, nasi tumekaa barazani, akasema: "Maalim, nimepata ruhusa ya siku kumi kazini, na nia yangu ni kwenda kupumzika Tabora, kwani sijapata kuuona mji ule nami nausikia ukisifiwa. Nimekwisha anza kufunga mizigo. Naomba uniambie, nichukue nini?" Tukadhani ni swali jepesi. Tukamjibu kama ajibiwavyo kila msafiri: chukua nguo za kubadili, chukua fedha, chukua dawa zako, usisahau msala. Akashukuru, akaenda zake. Lakini alipokwisha kuondoka swali lake likabaki nasi mpaka isha, kwa sababu lilitukumbusha safari yetu wenyewe ya mji ule ule, na jambo lililotufika huko ambalo hatujapata kumhadithia mtu. Tukaona kwamba tumemjibu nusu tu. Nusu ya pili ndiyo tuiandikayo hapa, kwa ajili yake na kwa ajili ya ndugu zetu wa pwani ambao siku hizi huenda miji ya bara kwa kutembea na kustarehe, si kwa biashara wala kwa msiba.

Na nusu hiyo ni hii. Mwenye kufunga mzigo hujiuliza, "Nitahitaji nini?" na kujiuliza hivyo ni haki yake. Lakini ni wachache wajiulizao, "Ni nani atakayeuchukua?" Nasi twasema kwamba hakuna kitu kiingiacho sandukuni ila kina mchukuzi wake. Pengine mchukuzi ni mwenyewe msafiri, na hilo halina neno. Pengine ni hamali aliyepatana naye ujira akaridhika, na hilo pia halina neno. Lakini pengine mchukuzi ni mtu asiyeweza kukataa: mtoto wa mwenyeji wako, au mkeo aliyebaki nyumbani, au mdai wako unayemkimbiza kwa ahadi. Hawa huchukua mzigo wako wala hawasemi, na kwa kuwa hawasemi wewe wadhani kuwa mzigo ni mwepesi.

Enyi ndugu zetu wa Bagamoyo, ninyi hamna haja ya kufundishwa njia ya Tabora. Ilianzia mlangoni kwenu. Wapo wasemao kwamba hata jina la mji huu latokana na wapagazi waliofika hapa wakatua mizigo yao na kubwaga moyo. Wengine wanalo neno jingine. Mungu ndiye ajuaye. Misafara ilitoka hapa ikapita Mpwapwa, ikaingia Ugogo ambako watemi walitoza hongo, ikakata nyika ile isiyo na maji iliyoitwa Mgunda Mkali, ikatokea Tura, kisha ikafika Unyanyembe. Wazungu Burton na Speke walipofika Tabora mwezi wa Novemba 1857, mahali ambapo wakati ule paliitwa Kazeh, walikuwa wamekwenda zaidi ya miezi minne kutoka pwani, na aliyewapokea na kuwakirimu ni Mwarabu wa Oman, Snay bin Amir. Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha jenga tembe zao huko, wakapanda maembe na mitende, wakalima ngano na vitunguu na mpunga, mpaka mgeni akajiona kama hakutoka pwani.

Basi tazameni mizigo yenyewe. Kila mpagazi alichukua kadiri ya frasila 2, yaani ratili 70. Nguo, yaani merikani ya Marekani na kaniki ya Bara Hindi, zilikunjwa na kukazwa kwa kamba mpaka zikawa robota refu gumu kama gogo. Shanga zilitiwa katika mifuko mirefu myembamba. Masango ya shaba yalifungwa ncha mbili za mti, na mti ukawekwa begani. Haya yote hayakuwa bidhaa tu. Yalikuwa ndiyo fedha ya njiani. Kwa doti na shuka watu walinunua mtama, walilipa hongo, waliomba njia. Na posho ya mtu ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku.

Mnyamwezi aliyejiajiri alikuwa mtu wa kazi yake na mwenye fahari nayo. Kijana wa Unyamwezi asiyepata kufika pwani alijiona hajawa mwanamume kamili. Alipatana ujira wake, akaujaribu mzigo wake, na ukimzidi aliukataa, na wenye misafara wamejaa vitabuni wakilalamika kwa ukaidi huo. Sisi hatuuoni kuwa ni ukaidi. Twauona kuwa ndiyo mizani ya haki, kwa sababu mwenye mali hajui uzito wa mali yake mpaka amwone mtu anayeweza kusema, "Huu siuchukui." Lakini katika njia ile ile walipita pia watu wasioweza kusema neno hilo. Walichukua pembe mabegani mwao kutoka bara, na walipofika pwani walitua pembe, nao wenyewe wakauzwa baada ya pembe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika Tanganyika utumwa ulikoma kwa sheria mwaka 1922. Wapo miongoni mwetu ambao majumba ya babu zao yalijengwa kwa mizigo ile, nasi hatulisemi jambo hili kwa kumtia mtu aibu katika kabila yake. Twalisema kwa kuwa tabia ya kutomtazama mchukuzi hairithiwi kwa damu. Hurithiwa kwa mazoea, na mazoea hayo hayakufungwa pamoja na soko.

Hapa sasa nitasema "mimi", wala sitasema "sisi", kwa kuwa kosa lilikuwa langu peke yangu.

Yapata miaka 30 nyuma nilialikwa Tabora na shemeji yangu, Mnyamwezi, mtu wa dini, aliyemwoa binti ami yangu. Nikasema nitakwenda nikae siku kumi, nipumzike na joto la pwani na fitina za mji. Nikanunua sanduku la ngozi, kubwa, lenye pembe za chuma. Nikatia kanzu sita, majoho mawili, viatu jozi tatu ambazo moja ilikuwa mpya, vitabu ambavyo nalijua sitavisoma, na pasi ya makaa, kwa kuwa niliogopa nisipate ya kunyooshea kanzu. Mtu wa siku kumi! Kwa nini kanzu sita? Kwa sababu nilitaka watu wa Tabora waseme, "Huyu ndiye mtu wa pwani." Na fedha niliyonunulia viatu vipya nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya mchele wa nyumbani. Nikamwambia mke wangu, "Utastahimili, siku kumi si nyingi." Akasema, "Inshallah," na mimi nikalichukua neno hilo kuwa ni ridhaa.

Gari la moshi liliingia Tabora usiku wa manane, limechelewa. Shemeji alikuwa pale steshini na mwanawe, mtoto wa miaka 12 au 13. Shemeji alikuwa ametoka kuugua, mgongo haumpi. Hapakuwa na teksi wala mkokoteni. Yule mtoto akaamkia, "Shikamoo, Mjomba," akavua shati lake akalisokota likawa kata, akaliweka kichwani, akaomba atwikwe. Nikamtwika. Hayo nayasema mbele ya Mola wangu: nilimtwika kwa mikono yangu, nikauhisi uzito wake wakati ule, na nikamtwika. Mimi nikachukua mwavuli. Tukaenda mwendo wa nusu saa, na ilikuwa mwezi wa Julai, usiku wa baridi, na mtoto kifua wazi. Njiani nilikuwa nikimsimulia shemeji khabari za pwani.

Asubuhi nikamwona yule mtoto anakwenda chuoni, shingo yake imeinama upande mmoja. Nikauliza, "Ana nini?" Mama yake akasema, "Amelala vibaya." Naye ni binti ami yangu, akanistahi. Lakini shemeji, ambaye utani kwake ni kama chumvi, akacheka akasema: "Shemeji, babu yangu alichukua pembe mpaka kwenu Bagamoyo akarudi na kaniki moja. Leo kitukuu wake amechukua kanzu zenu mpaka kwetu. Sijui yeye atarudi na nini." Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Siku ile sikuvaa kanzu mpya. Nami niliporudi nyumbani nikakuta mke wangu amekopa mchele kwa majirani wawili, na mmoja alikuwa amekwisha mtumia mtoto kuudai.

Basi twarejea katika maneno yetu.

Imam al-Ghazali, alipozitaja adabu za safari katika Ihya, hakuanza na sanduku. Alianza na yaliyo nje ya sanduku: msafiri arudishe dhuluma za watu, alipe madeni, aandae chakula cha wale ambao kuwalisha ni juu yake, na arudishe amana kwa wenyewe, kisha ndipo achukue masurufu yake, nayo yawe ya halali. Mimi nalisoma haya kabla ya safari ile, na nilikuwa nimewasomea wengine. Mpango huu una hekima ambayo mtu haioni mpaka imgonge. Kila shilingi ya raha yako ina njia mbili: ama imetoka katika ziada yako, ama imetoka katika haki ya mtu. Ikiwa imetoka katika haki ya mtu, basi huyo mtu ndiye mpagazi wako, nawe hukupatana naye ujira.

Atasema msemaji: "Kama ni hivyo, kheri mtu asichukue kitu, amtegemee Mungu." La, ndugu yangu, hilo ni shimo la upande wa pili. Wafasiri wametaja kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila ya masurufu, wakidai kuwa wao ndio wenye kutawakali, na wafikapo Makka wakaomba watu. Ndipo ikateremka ile aya ya Sura ya Al-Baqara inayoamrisha wasafiri wachukue masurufu. Mwenye kwenda mikono mitupu hajampunguzia mtu mzigo. Amemtwika mwenyeji wake mzigo asiouona. Twawajua watu wa namna hii. Huja mjini kwako bila ya sabuni, bila ya taulo, bila ya mswaki, bila ya nauli ya kurudia, na siku ya nne wakuuliza kwa upole kama una shuka la pili. Wazee wetu walipotoa methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, hawakuwa na ubakhili. Walikuwa wamechoka na watu hawa.

Angalieni Ibrahim al-Khawwas, mmoja katika mashekhe wa zamani, ambaye kwa kutawakali hupigiwa mfano. Khabari zake zasema kwamba hakuachana na vitu vinne, safarini wala mjini: chombo cha maji, kamba, sindano na uzi wake, na mkasi. Akauona kuwa huo si wingi wa dunia. Kwa chombo na kamba atateka maji ya udhu asimwombe mtu. Kwa sindano atashona nguo ikipasuka, asikae uchi wala asiazime. Twaipenda hesabu hii, kwa sababu kila kitu ndani yake kimechukuliwa ili mtu mwingine asisumbuke, wala hamna hata kimoja kilichochukuliwa ili mtu mwingine atazame.

Sasa tumwambie kijana wetu mambo ya Tabora yenyewe, maana hatukumwita kuja kumsomea mawaidha matupu. Mji ule upo juu, kadiri ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na sisi tuliozoea joto hudanganyika. Mwezi wa Juni na Julai mchana ni mzuri na usiku ni baridi. Kizibao au sweta moja ina manufaa kuliko kanzu tatu. Septemba na Oktoba ni joto na vumbi. Mwenye kifua achukue kitambaa. Tangu Novemba mpaka Aprili ni mvua, basi mwavuli. Safari ya gari ni zaidi ya kilometa 800 kutoka Dar es Salaam kwa reli ya zamani, ile iliyojengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1905 na ikafika Tabora mwaka 1912, nayo ndiyo iliyowaondolea wapagazi kazi yao. Reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 1924 wala si hivyo, kalamu imeteleza: ni mwaka 2024. Katika gari la moshi chukua maji na chakula cha kutosha siku nzima na zaidi, na uchukue cha kumgawia uliyekaa naye, kwani kula peke yako mbele ya mtoto wa mtu ni jambo zito.

Na jambo ambalo wengi wa pwani hawalijui: usichukue ratiba ya sala ya Dar es Salaam ukaitumia Tabora. Mji ule upo magharibi yetu, na jua huzama huko nyuma yetu kwa kadiri ya dakika 25, huzidi au kupungua kidogo kwa majira. Mtu wa Ramadhani akifuturu Tabora kwa kusikia adhana ya Dar es Salaam katika redio, amefungua na jua lingali mbinguni, na siku ile itampasa ailipe. Kibla nacho si kile kile. Hapa kwetu kibla ni kaskazini, karibu kamili. Tabora chapinda kidogo kuelekea mashariki. Sisi tulipokuwa huko tulisimama katika sala ya kwanza kwa mazoea yetu, na yule mtoto mwenye shingo akatushika mkono kwa adabu akatugeuza. Na kwa kuwa kijana atakaa siku kumi, akinuia hivyo tangu mwanzo, katika madhehebu yetu ya Shafi atatimiza sala zake tangu atakapofika. Kufupisha ni kwa njiani.

Yaliyobaki ni zawadi, nayo yataka fikira kuliko nguo. Neno lenyewe ni la safari: wajuao Kiarabu wanajua kuwa lina asili moja na zadi, masurufu ya msafiri. Stanley alipokuwa Unguja mwanzo wa mwaka 1871 akinunua vitu vya safari, ilimpasa kuwauliza wafanyi biashara Waarabu, maana hakujua hata watu 100 watakula nguo kiasi gani kwa siku. Wakamwambia doti 10. Kisha wakamfundisha shanga, na hapo ndipo alipostaajabu, kwani alikuta kuna namna kumi na moja, na kila namna ina nchi yake. Shanga nyeusi zilipita Ugogo na kukataliwa kwingine. Nyeupe zilipendwa mahali na kudharauliwa mahali. Mwenye kukosea hesabu alikuwa amechukuza watu mawe. Wazee wetu walijua ya kwamba thamani haisafiri. Kitu kipatacho bei hapa huenda kikawa takataka mwendo wa siku kumi. Lakini sisi wajukuu zao twadhani kwamba vile tunavyoonewa wivu hapa tutaonewa wivu kila mahali. Majoho yangu mawili hayakumshughulisha mtu Tabora. Shemeji aliuliza tu, "Hukutuletea hata nazi?" Nami sikuleta hata nazi! Nazi ambazo hapa zaanguka zenyewe, na huko mnazi haustawi, na binti ami yangu alikuwa na miaka miwili hajaonja wali wa nazi wa kwao.

Kijana, chukua nazi. Chukua papa mkavu, umfunge vizuri kwa ajili ya abiria wenzako. Chukua tende, karafuu, halua. Wao watakupa asali, karanga, na michembe ya viazi, na maembe yakiwa wakati wake. Wala usichukue mchele wako na maji yako ukakaa navyo chumbani kwa mwenyeji kama mtu aliyeingia nchi ya adui, kwani hilo nalo tumeliona, na wenyewe huliita usafi. Mwenyeji anayo haki ya kukukirimu. Kuna mzigo ambao mtu huchukuzwa, na kuna mzigo ambao mtu huuomba mwenyewe auchukue, na wa pili usimnyang'anye.

Mfano wake upo katika njia ile ile. Livingstone aliporudi Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, alitazamia kukuta vitu vyake vilivyoletwa kutoka pwani. Akakuta vimekwisha. Mtu aliyekabidhiwa, naye ni Mwislamu mwenzetu kwa jina, alikuwa ameviuza vyote, na hoja yake ilikuwa kwamba amepiga ramli kwa Msahafu akaona mwenye mali amekufa. Twajilinda kwa Mungu na mtu afanyaye Kitabu kuwa ufunguo wa kuvunjia amana! Lakini katika mji huo huo, siku hizo hizo, alimwendea Mwarabu mmoja, Said bin Majid, akangoja mpaka wawe peke yao wawili, akamwambia kwamba hana nguo lakini anazo pembe, basi amwachie auze baadhi ya pembe ampe nguo zake. Livingstone hakukubali wakati ule, akamshukuru. Siku chache baadaye akafika Stanley, na wote wawili wakaenda Tabora, na Livingstone akakaa katika tembe la Kwihara mpaka mwezi wa Agosti 1872 akingoja wapagazi na vitu kutoka pwani. Tembe lile lipo, na wageni huenda kulitazama. Kijana aende. Lakini akiwa pale, akisomewa majina ya Wazungu wawili, na amkumbuke pia huyu Said bin Majid, aliyengoja faragha ili asimwaibishe mwenye shida. Na awakumbuke wale waliochukua, ambao majina yao mengi hayakuandikwa mahali.

Siku ya pili yule kijana alirudi barazani, nasi tukamwambia haya, si yote. Akasikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Na yule mtoto, Maalim?"

Mtoto yule leo ni mtu mzima, ana duka lake la cherehani sokoni na watoto wake wanne. Nilikwenda Tabora mara ya pili baada ya shemeji kufariki, kwa ajili ya rambirambi. Nilikuwa na mfuko mmoja wa ukili. Alinipokea steshini, akaniamkia, akanyoosha mkono aupokee mfuko, nikaurudisha nyuma. Akatabasamu, akasema, "Mjomba, leo mna nini humo?" Nikamwambia kanzu moja, na nazi nane, na papa wa mama yako. Akainama akaunusa, akasema, "Basi huu nipeni," akauchukua.